Mbwa wa Mwaloni Anatafuta Mwenyewe

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za zege juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi Busisi upande wetu wa Sengerema. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku ndani ya gari la wagonjwa, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akiitazama barafu inavyoyeyuka, mwanafunzi aliyekuwa akichelewa shule: wote wamepata nafuu. Hakuna mwenye akili timamu anayeililia foleni ya Busisi.

Lakini foleni ile ilikuwa inalisha. Ililisha mama lishe, wauza mahindi ya kuchoma, vijana wa mayai ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Na palipo na mama lishe hapakosi mbwa. Abiria alipomaliza sato wake alitupa miiba dirishani, na chini palikuwa na anayeingoja. Gari linalovuka darajani kwa dakika chache halisimami, na lisiposimama hakuna kinachodondoka. Watu wa biashara wana miguu na akili ya kuhamia penye wateja. Mbwa hukaa alipozoea kupata, akingoja chakula kisichokuja.

Mbwa wa aina hii wilayani kwetu anafahamika na kila mtu, na hana mwenyewe. Yuko Kamanga kinapotia nanga kivuko cha kutoka Mwanza mjini, yuko Chifunfu, mwaloni kwa wavuvi kunakoanikwa dagaa, yuko stendi ya Sengerema mjini, yuko nyuma ya machinjio. Ukiuliza, "Mzee, huyu mbwa wa nani?" utaambiwa ni wa hapahapa. Amepewa jina, Simba au Popi. Anatupiwa utumbo wa sangara, na anapigwa teke akilisogelea beseni la samaki. Siku akimng'ata mtoto, wote waliokuwa wakimwita kwa jina wanamkana.

Naamini kwamba mbwa huyu anaweza kupata nyumba, tena hapahapa Sengerema. Kumpata mtu wa kusema "nipe mimi" ni rahisi. Ugumu uko katika kumpata anayefaa kwa mbwa yule mmoja, mwenye tabia ile aliyonayo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea na mbwa anarudi mwaloni kabla mwezi haujaandama.

Vituo vya kupokea mbwa wasio na wenyewe vipo nchini. Usa River, mkoani Arusha, kuna Mbwa wa Africa, wanaowatibu, kuwachanja na kuwafunga kizazi mbwa wa mitaani, kisha kuwatafutia familia. Dar es Salaam kuna TAWESO, chama cha ustawi wa wanyama. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na Kampala kuna chama cha aina hiyo kinachopokea mbwa na paka. Ila kumpakia mbwa wa Busisi kwenye basi hadi Usa River si jambo la kumshauri mtu. Kwetu kazi ya kituo itafanywa na watu wa kawaida wenye nyumba, mama mmoja mwenye uani mpana na afisa mifugo wa kata, au haitafanyika kabisa.

Isipofanyika, kinachofuata kinajulikana. Malalamiko yanazidi, tangazo linatolewa kwa kipaza sauti kwamba atakayekuwa na mbwa amfungie ndani, kisha mbwa wanaoonekana nje wanapigwa risasi au kutegewa sumu. Njia hii imetumika katika halmashauri nyingi za nchi yetu kwa miaka mingi, na nia yake inaeleweka, maana kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote walioupata waliupata kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland waliwahi kukadiria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Wengi wa waathirika ni watoto wa vijijini. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Pamoja na hayo yote, risasi haijaumaliza ugonjwa huu. Chanjo imeumaliza pale ilipofanywa kwa ukamilifu. Mfano uko ndani ya Jamhuri yetu wenyewe, kisiwani Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa ziliukata ugonjwa huko mwaka 2014. Chanjo ilipolegea, virusi vikaingia upya mwaka 2016 na watu wakaumwa. Mbwa wakachanjwa tena kwa bidii, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umekatika kwa mara ya pili. Kiwango kinachohitajika kinajulikana: mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Ukiua mbwa aliyechanjwa unaishusha asilimia hiyo kwa mkono wako, na nafasi yake mtaani itajazwa na kijibwa ambacho hakijachanjwa.

Ili mbwa achanjwe lazima kuwe na mtu wa kumshika. Afisa mifugo anaposimama na sindano yake chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, wanaofika ni mbwa wenye kamba, na nyuma ya kila kamba kuna mtoto au mzee aliyemleta. Mbwa wa mwaloni hana wa kumleta. Akimuuma mtu, taratibu za afya zinataka afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi mateni wakati wa kuuma huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Atafungiwa kwa nani, wakati hana kwao? Matokeo yake mbwa anauawa palepale, aliyeumwa anabaki bila kujua, na familia inahangaika kutafuta fedha za nauli na sindano huku ikiomba Mungu. Nyumba ya mbwa ni sehemu ya kinga ya binadamu. Nalisema hili mapema kwa ajili ya wale wanaodhani tunawaza habari za mbwa wakati watu wana shida.

Sasa twende kwenye kuchagua.

Nenda mnadani siku ya mnada wa ng'ombe ukamtazame mzee wa Kisukuma anavyonunua. Anamzunguka mnyama, anamfungua mdomo ahesabu meno, anapapasa nundu, anamtazama akitembea, anauliza alikotoka na kwa nini anauzwa. Anaondoka, anakunywa maji, anarudi, anaanza upya. Mzee huyohuyo akitaka mbwa ataokota kijibwa cha kwanza kinachomfuata, kwa sababu kina madoa mazuri au kwa sababu ni dume. Ng'ombe atakaa naye miaka kadhaa amuuze. Mbwa anaweza kukaa naye zaidi ya miaka 10, atalala karibu na mlango wake na kucheza na wajukuu zake.

Mbwa aliyekulia mwaloni ana sifa zake. Amezoea watu wengi, kelele za injini za mitumbwi, ugomvi wa wachuuzi, watoto wanaokimbia na ndoo. Mgeni kwake si habari, maana kila asubuhi huleta wageni, na mgeni aghalabu ndiye mwenye chakula. Mchukue mbwa huyo umfanye mlinzi wa ghala lako la pamba au mpunga, na mwizi akija atapokewa kwa mkia unaotikisika. Utamlaumu bure. Mahali pake ni kwenye mgahawa wenye uani, dukani, au katika nyumba yenye vijana na wageni wasiokwisha. Huko upole wake utakuwa faida. Ila ujue amezoea kutembea. Wiki za mwanzo atatafuta upenyo kwenye ukuta wa miiba au michongoma, kwa hiyo kabla ya kumleta pita ukilikagua boma lako chini, usawa wa goti.

Wa stendi ni mwingine. Huyu amepigwa mawe. Kuna jambo kila mtu aliyekulia nchi hii analijua: ukiinama kama unaokota kitu, mbwa wa mtaani anatimka, hata kama mkononi huna kitu. Amejifunza kwamba kuinama kwako ni tishio, na hatalisahau hilo mara moja. Katika nyumba yenye watoto wadogo, ambao kazi yao ya mchana kutwa ni kuinama, kurusha na kupiga kelele, mbwa huyu ataishi akitetemeka, na siku atakapobanwa pembeni atauma kwa hofu. Mpeleke kwa wazee wawili wanaoishi wenyewe, au kwa mjane mwenye bustani na sauti ya chini. Huko, baada ya muda, utamkuta amelala ubavu mlangoni, tumbo wazi, jambo ambalo mbwa mwenye hofu hafanyi.

Aliyekulia machinjioni anahitaji tahadhari zaidi. Amekula matumbo na mapafu mabichi, na humo ndimo minyoo ya tegu inayoweza kumfikia binadamu hupitia. Apewe dawa ya minyoo kabla hajaingia nyumba yoyote, na asiende moja kwa moja kwenye kaya yenye vitoto vya mbuzi na kuku wanaorandaranda. Simaanishi kwamba ni mbaya. Amelelewa na harufu ya damu kama riziki, na mafunzo ya kumwachisha yanahitaji mtu mwenye muda.

Kaya ya mfugaji, kwa upande wake, ni nyumba ambayo mbwa wengi wangeiomba kama wangekuwa na kinywa. Asubuhi ng'ombe wanafunguliwa, kijana anatangulia na fimbo, mbwa anafuata. Kutwa nzima ni kutembea, kunusa, kukimbia, kubweka kwenye vichaka, kunywa maji lamboni. Jioni ni uji wa mabaki, ugali na maziwa kidogo, kisha usingizi karibu na zizi. Mbwa kijana anayetafuna viatu, anayeruka ukuta, anayechimba mashimo, ambaye watu wa mjini wanamwita mtukutu, mara nyingi anachokosa ni siku ya namna hiyo.

Wapo waliolithibitisha hilo karibu na sisi. Mwaka 2018, Grumeti Fund, taasisi inayosaidia kulinda mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mkoani Mara, ilianzisha kikosi cha mbwa kwa kushirikiana na Working Dogs for Conservation wa Marekani. Mbwa walioletwa walitoka kwenye vituo vya huko vya kupokea mbwa wasio na wenyewe. Shirika hilo hutafuta makusudi mbwa ambao familia zimewashindwa: wanaohangaika mchana na usiku, wasiochoka kukimbilia mpira, wanaopekua kila kona. Katika nyumba ya mjini mbwa kama huyo ni mateso kwake na kwa mwenye nyumba. Porini Serengeti, tabia ileile inamfanya anuse risasi zilizofichwa, meno ya tembo, nyama ya wanyamapori na nyaya za mitego, na malipo yake ni kutupiwa mpira. Hakuna aliyembadilisha tabia yake ya asili. Amepelekwa inapohitajika.

Kwa hiyo unapomtafutia nyumba mbwa wa Busisi, siku za kwanza mtazame tu. Kaa chini kwa ubavu, usimkabili usoni, mwache aje anuse. Akija kwa kuzunguka na mkia ukiwa chini, ana wasiwasi, nawe usimlazimishe. Akilamba midomo yake na kupiga miayo wakati hana njaa wala usingizi, anakuambia umemkaribia mno. Akikakamaa ghafla juu ya chakula, macho yakikutazama pembeni, huyo hatafaa penye watoto mpaka afundishwe. Mpitishe karibu na kuku ukiwa umemshika kamba uone macho yake yanafanya nini. Mtoto mkubwa mwenye utulivu apite kwa mbali. Haya yote hayahitaji shahada. Yanahitaji jioni kadhaa, na mtu anayejua kunyamaza.

Kisha itazame nyumba. Vituo vizuri humtembelea mwombaji kabla ya kumpa mbwa, na kwetu hilo ni rahisi zaidi kwa sababu kubisha hodi hakuhitaji barua. Nenda ukaone maji ya mbwa yatakaa wapi, na kivuli cha saa nane mchana kiko upande gani. Uliza ni nani hasa atakayemlisha. Mara nyingi baba ndiye anayetaka mbwa, mama ndiye anayepika, na mtoto wa darasa la tano ndiye anayepewa kazi. Ukitaka kujua kama mbwa ataishi vizuri, mwulize mama. Kama yeye hamtaki, mshukuru baba kwa ukarimu wake na uendelee na safari. Uliza pia mbwa wa mwisho aliyekuwa hapo alipatwa na nini. Aliyekufa kwa uzee ni jibu moja. Aliyepotea, aliyegongwa na aliyekufa kwa sumu katika miaka mitatu mfululizo ni jibu jingine.

Nyumba za kupanga, ambazo Sengerema mjini ni nyingi, zina mtihani wake. Uani mmoja una wapangaji sita, jiko moja la nje, kamba moja ya nguo. Mbwa wa mpangaji mmoja atakuwa mbwa wa wote apende asipende, na atakuwa adui wa wote siku atakapolala juu ya shuka lililoanguka. Wapangaji wote waulizwe. Na katika uani kama huo huenda kuna familia ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani huyo haombi mbwa afukuzwe duniani. Anahitaji ndoo yake, mkeka wake wa kuswalia na kizingiti chake viachwe. Kufuga mbwa kwa ulinzi, kwa mifugo na kwa kuwinda kunaruhusiwa katika dini hiyohiyo, na kila mtoto wa madrasa amesikia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa anayelala upande wake wa uani, mwenye chombo chake, anaweza kuishi na majirani wa dini zote. Kama uani hauna upande wa kumtengea, nyumba hiyo haimfai mbwa, na kulisema hilo hakumvunjii mtu heshima.

Suala la jike nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndiko dhuluma kubwa iliko. Watoto wa mbwa wakizaliwa, madume huchukuliwa, majike hubaki. Anayebaki hutupwa sokoni au kando ya barabara ndani ya mfuko wa sandarusi, na akiokoka, ndiye atakayezaa mwaloni tena. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka. Hesabu iliyobaki kila mtu anaweza kuifanya. Daktari wa mifugo akimfunga kizazi, sababu ya kumkataa inaondoka: hakuna kundi la madume getini usiku, hakuna vijibwa vya kugawa. Anabaki mbwa ambaye mara nyingi hatangatangi mbali na nyumbani. Kama kata moja itaweka fedha kidogo za umma au za wafadhili kwenye jambo moja tu kuhusu mbwa baada ya chanjo, ningependa iwe hili.

Wapo wanaosema mbwa wa kienyeji hafai, wanataka jamani sheferdi kutoka mjini. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao, wakiwemo wa Uganda, jirani zetu wa ziwa hilihili, walionekana kuwa na asili yao ya Kiafrika, wala si machotara waliochakaa wa mbwa wa Ulaya. Huyu wa Busisi ni mzao wa mbwa waliopita katika mbung'o, kupe, joto na njaa vikawachuja. Hahitaji chakula cha dukani. Ugali wenye dagaa unamtosha, mradi upatikane kila siku. Mapanki, yaani mabaki ya sangara yanayotoka viwandani Mwanza, yapo na bei yake si kubwa, ila mifupa ya sangara ni mikali na inaweza kumkwama kooni, hivyo chemsha, chambua nyama, mifupa itupe.

Habari ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, inanigusa kuliko zote katika jambo hili. Vita vya waasi wa Lord's Resistance Army viliacha huko watu waliotekwa wakiwa watoto, waliokatwa viungo, wasiolala usiku. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa mtoto wa miaka 12, alipokuwa akilima na bomu lililokuwa ardhini likalipuka. Shuleni bwenini, mbwa ndio waliomsindikiza usiku alipohitaji kutoka nje. Baadaye, chini ya shirika la The Big Fix Uganda, alianzisha mradi unaowaunganisha manusura wa vita na mbwa waliookolewa mitaani. Mbwa hutibiwa, huchanjwa, hufungwa kizazi na kupimwa tabia. Mtu naye hupimwa utayari wake, na hao wawili hufunzwa pamoja kwa wiki nyingi kabla ya kuhitimu. Mtu anayeahidi kumtunza mbwa anaahidi kwa maisha yote ya mbwa huyo. Huko Gulu hawakungoja utajiri ndipo waanze. Walianza kwa kumtazama mtu mmoja na mbwa mmoja na kujiuliza kama wanafaana.

Mkishaamua, mbwa asiende moja kwa moja siku ya kwanza. Akae kwa majaribio. Walezi wa mbwa duniani wana kipimo cha siku 3, wiki 3 na miezi 3. Siku 3 za mwanzo mbwa amepotewa: hali, anajificha chini ya kitanda cha kamba, au analala kutwa. Wiki 3 zikipita ameanza kujua saa za chakula na sauti za watu wa nyumbani, na hapo ndipo tabia zake halisi, nzuri na mbaya, zinapojitokeza. Miezi 3 ndipo anapojua kwamba hapa ni kwao. Watu wengi humrudisha mbwa katika wiki ya pili, wakisema alikuwa mpole akabadilika. Hajabadilika. Ameacha kuogopa, na sasa anahitaji kufundishwa. Aliyemtoa mbwa apite kumjulia hali, asipige simu tu, kwa kuwa kwenye simu kila mbwa ni mzima. Na makubaliano yawe wazi tangu mwanzo kwamba akishindikana anarudishwa mkononi kwa aliyemtoa, hatupwi darajani wala hapandishwi kwenye lori la mkaa.

Mnyororo usiwe jibu la kila kitu. Mbwa anayefungwa usiku na mchana huwa mkali bila mpangilio, na hana tena uwezo wa kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na inamdai mwenye mnyama amtunze. Watendaji wetu wa kata na vijiji waitumie, hata kwa kuanza na onyo la mdomo.

Tukirudi kwenye chanjo, kwa visiwa vya Kome, Maisome na vingine vya upande wa halmashauri ya Buchosa, kisingizio cha kwamba chanjo haifiki kwa kukosa jokofu kimepungua nguvu. Utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na wa nje ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika nchini hubaki na nguvu baada ya kuwekwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Chungu cha udongo kivulini na mtu aliyefundishwa vinaweza kufanya kazi ambayo jokofu la makao makuu haliwezi kuifanya likiwa ng'ambo ya maji.

Septemba 28 kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huitumia kuchanja bila malipo. Ombi langu kwa halmashauri za Sengerema na Buchosa ni kwamba tangazo la chanjo lifike mialoni na visiwani siyo mijini tu, na kwamba kwenye meza ya chanjo kuwe na daftari la pili. Ndani yake yaandikwe majina ya watu walio tayari kumpokea mbwa, aina ya nyumba zao, watoto wao, kuku wao na ng'ombe wao, na upande wa pili waandikwe mbwa wa Busisi, Kamanga na Chifunfu na tabia zao zilivyoonwa. Afisa mifugo wa kata anaweza kulitunza daftari hilo. Nawe msomaji, kama una uani wenye kivuli na mama mwenye nyumba ameafiki, nenda ofisi ya kata wiki hii ukaandikishe jina lako.